Mhunzi Aliyezima Moto

Wapendwa, enzi za babu wa babu zetu, kabla kiberiti hakijapanda huku milimani, palikuwa na kijiji kidogo chenye kanisa jipya la udongo na nyasi, na katika kijiji hicho aliishi mhunzi mmoja na mkewe.

Kijiji kilikuwa na mafundi wake, kama vijiji vyote vya wakati ule. Seremala ndiye aliyechonga mabenchi ya kanisa, na kila aliyeyakalia alijua kwamba seremala yule hakupenda watu wasinzie kwenye mahubiri. Mfinyanzi alikuwa mama mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Mwalimu wa kanisa alifundisha watu kusoma, alipiga ngoma ya ibada, na Jumapili alihubiri. Lakini wote hao walimtegemea mhunzi, maana jembe, shoka na kisu vilitoka kwenye fuawe lake. Na zaidi ya hayo yote, walimtegemea kwa moto.

Moto wa mhunzi ulikuwa haujawahi kuzimika. Baba yake alimwachia ukiwaka, na huyo baba naye aliachiwa na baba yake. Jioni mhunzi aliyafukia makaa kwa majivu, alfajiri akayafukua, akavuta mivukuto, moto ukaamka. Watu wakazoea. Kwa nini ujisumbue kutunza makaa jikoni kwako na moto upo pale? Basi kila asubuhi walikwenda kwa mhunzi na vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakachukua makaa mawili matatu, wakarudi kupika.

Na hapo palikuwa na desturi. Anayekuja kuchukua moto hapigi hodi. Anaita tu akiwa nje, "Moto, mhunzi!" naye anajibiwa, "Chukua." Akishautia kwenye kigae, hasimami tena. Hasalimii wala hasalimiwi. Makaa hayasubiri mtu, na zaidi ya hayo waliamini kwamba ukimsimamisha mwenye moto umemzimia nyumba yake. Msicheke. Ilikuwa desturi yenye akili, kwa sababu njia zilikuwa ndefu na baridi ya huku mnaijua. Ila mtu mwenye haraka hufurahi sana akipata desturi ya kumsaidia kukimbia.

Basi mke wa mhunzi akaugua homa. Mwanzoni walidhani ni uchovu wa kulima. Homa ikapanda, mama akaanza kuweweseka, na asubuhi moja akainuka kitandani akisema anakwenda kisimani, akaanguka mlangoni. Tangu hapo mhunzi akaogopa kumwacha peke yake hata kidogo.

Ng'ambo ya mto alikuwepo bibi mmoja aliyejua dawa za homa, na wengi walikuwa wamepona mikononi mwake. Lakini nani amwendee? Watoto hawakujaliwa. Ndugu zao walikuwa mbali. Mhunzi akienda, mke anabaki na nani? Akibaki, dawa italetwa na nani? Mtu mmoja atakwendaje na kukaa kwa wakati mmoja?

Najua mnachosema moyoni: si angewaambia watu? Ndugu zangu, aliwaambia.

Alikuja seremala. "Moto, mhunzi!"

"Chukua, fundi. Ila mama wa hapa hajaamka vizuri."

"Pole sana, ndugu yangu," alisema seremala, na kigae kilikuwa kimeshajaa. Akakiinua kidogo ili mhunzi akione. "Ningeingia, ila unaona mwenyewe." Akaenda zake mbiombio akikipulizia.

Alikuja mfinyanzi. Huyu, mhunzi alimtegemea kwa sababu mkewe alimpenda kama dada.

"Moto, mhunzi!"

"Chukua, dada. Mwenzako amelala ndani, homa imemzidi. Hata maji hayashuki."

"Uuuwi, masikini! Mwambie nimemsikia. Mwambie namwombea, kila siku namwombea." Na kwa kweli alimwombea, maana alikuwa mcha Mungu. Alimwombea njia nzima, akitembea upesi.

Jumapili akaja mwalimu wa kanisa kuchukua moto wa kuwashia mishumaa ya madhabahuni. Alipokwisha kujaza kigae chake, mhunzi akatoka kabisa nje, akasimama njiani mbele yake.

"Mwalimu, naomba unisikilize. Mke wangu ..."

"Mzee, moto!" Mwalimu alimpita kwa pembeni kama mtu anayeruka dimbwi. "Tutaongea baada ya ibada. Usikose leo, nina neno zito juu ya upendo!"

Mhunzi hakwenda ibadani. Angekwendaje? Alikaa kando ya kitanda akimkanda mkewe kwa kitambaa kibichi, na ngoma ya kanisa akaisikia, na nyimbo akazisikia, zikiimbwa vizuri kweli. Baada ya ibada alisubiri. Watu walipita mbele ya nyumba yake wakiongea na kucheka, kila mmoja akiwahi chakula. Mwalimu hakuja. Hakuwa mtu mbaya, wapendwa. Alisahau. Na mhunzi akalia, mtu mzima mwenye mikono ya kukunja chuma, alilia kwa uchungu wa kuwa jirani wa watu wote bila kuwa na jirani.

Kisha akainuka. Akachukua mtungi wa maji, akatoka mpaka penye tanuri lake, akaumimina wote. Moto wa babu yake ulipiga kelele, mvuke ukajaa kibanda kizima. Akafukua majivu kwa mikono yake, akatafuta kaa lolote lililobaki hai, akalizima nalo.

Mkewe aliisikia ile sauti, homa ikiwa imempa nafasi kidogo. Alipomwona mumewe mlangoni ameloa majivu akamuuliza, "Baba, umefanya nini?"

"Nimeuzima."

"Moto wa wazee wako?"

"Ndiyo huo. Umepika chakula cha kijiji kizima, na wewe huna hata mtu wa kukushika mkono."

Jumatatu asubuhi wakaja. "Moto, mhunzi!" Kimya. "Moto, mhunzi!" Kimya. Wakachungulia kibandani, wakakuta majivu mabichi. Habari ikaenea upesi, na haikuchukua muda uwanja ukajaa watu, kila mmoja na kigae chake kitupu. Walikasirika, na nani asingekasirika? Seremala akagonga mlango kwa ngumi. "Mhunzi! Umetuua! Watoto wetu watakula nini? Toka utueleze!"

Mhunzi akafungua mlango, akasogea kando. "Ingieni," alisema.

Mfinyanzi ndiye aliyetangulia. Alikuja na maneno makali tayari mdomoni. Akaingia, akamwona rafiki yake pale kitandani, amekonda hadi mashavu yameingia ndani, midomo imepasuka. Kigae kikamponyoka. Akapiga magoti, akamshika mkono, akaanza kulia. Kisha akamgeukia mhunzi. "Kaka, hali imefika hapa? Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, dada," akajibu mhunzi. "Ulikuwa umebeba moto."

Seremala aliangalia mikono yake, haikuwa na kitu ila kigae kitupu. Mwalimu wa kanisa naye aliangalia yake. Hakuna aliyekuwa na cha kukimbiza nyumbani, basi kwa mara ya kwanza watu wa kijiji kile wakakaa kwa mhunzi. Seremala akavuka mto kumfuata yule bibi wa dawa. Mfinyanzi akampa mgonjwa maji kwa kijiko, tone kwa tone. Mwalimu akafagia nyumba, akateka maji, na sijasikia popote kwamba alihubiri. Siku hiyo kijiji kizima kilikula viporo vya baridi na hakuna aliyekufa. Alasiri ndipo mtu mmoja akakumbuka kwenda kijiji cha pili kuomba makaa, na aliporudi nayo hakuyapeleka kwake. Aliyapeleka kwa mhunzi, ili mgonjwa achemshiwe dawa kwanza.

Wapendwa, wazee wetu wakimwona mgeni anaaga kabla hajakaa humuuliza, "Kwani umekuja kuomba moto?" Swali hilo leo naliweka mbele yetu sisi. Hatuna ubaya, hapana. Tunapeana pole. Tunaombeana. Lakini tunasemea njiani, na kigae tumekiinua juu ili mwenzetu akione asitucheleweshe. Wewe una duka la kufungua. Wewe una ng'ombe. Mimi nina kikao, na baada ya kikao nina kikao kingine. Vyote ni vya kweli, kama yale makaa yalivyokuwa ya kweli. Ila je, kuna siku tutakuwa na mikono mitupu? Au tunasubiri mtu aliyechoka na upweke atuzimie moto ndipo tumwone?

Naona mnanitazama. Mnataka kujua kama yule mama alipona. Haya, alipona. Homa ilimwachia, akapata nguvu, akarudi shambani.

Nimeona mmeshusha pumzi, hata wazee pale mbele. Mmefurahi kwamba amepona mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, niliyemtunga mimi jana nikipukuchua mahindi. Mna mioyo mizuri kweli. Basi sasa niulize mimi. Mama Nakundwa, anayekaa benchi la nyuma karibu na dirisha, hajaonekana humu tangu tulipovuna maharage. Yeye amepona?

Nani anajua?

Hata mimi mchungaji wenu sijui. Na nyumba yake iko pale nyuma ya shule, hapa hapa. Basi leo baraka sitaitoa hapa. Inukeni, acheni mikoba yenu kwenye mabenchi, haitaibwa. Wimbo wa mwisho tutauimba njiani, na tukifika tutapiga hodi, tutangoja tukaribishwe, na tutakaa.