Kilemba cha Jagtar Singh

Wahenga hawakusema kwamba mwacha mila ni maskini, wala hawakusema ni mjinga. Walisema ni mtumwa, na neno hilo hawakuliokota njiani. Maskini huweza kutajirika na mjinga huelimika. Lakini aliyeukana ukoo wake hubaki akingoja wengine wamwambie yeye ni nani.

Jagtar Singh alikuwa Kalasinga wa Kibos, karibu na Kisumu, kipande cha mtu, mwenye ndevu nyeusi zilizomfika kifuani. Katika ukoo wao mtoto alifundishwa kupigana kwa fimbo na upanga, kisha akafundishwa kung'oa kigingi ardhini kwa ncha ya mkuki huku farasi akienda mbio kama mshale. Mababu zao walikuwa askari wa farasi, nao walimwita farasi ndugu wa uhai. Majirani waliwacheka. "Zama hizi za magari, Singh, mkuki ni wa nini?" Baba yake Jagtar alikuwa akijibu, "Wa kunikumbusha kwamba sijampigia mtu magoti."

Wimbi la kwenda Uarabuni lilipovuma Kenya, mwaka wa 2014, wakala mmoja alitafuta watu wanaojua farasi. Jagtar aliondoka pamoja na Dilbagh, mtoto wa baba yake mdogo, kijana mchangamfu aliyekaa juu ya farasi kana kwamba amezaliwa hapo. Walipelekwa viungani mwa Riyadh, kwenye mabanda ya farasi ya tajiri ambaye wafanyakazi wote walimwita Baba. Baba alionekana kwa nadra kama mvua ya jangwani. Mwenye amri alikuwa mudiri wake, Abu Nayef, mtu mwenye ulimi mkali kama wembe.

Asubuhi moja mudiri aliwakusanya. Kulikuwa na maonyesho makubwa Jeddah, naye alitaka wapanda farasi wake wote wafanane. "Kofia kwa kila mtu. Ndevu zinyolewe. Kilemba mafi, hakuna! Asiyetaka, koleo lile pale, na mavi ya farasi yale pale."

Hezron, Mkenya mwenzao aliyeendesha lori la farasi, alimvuta Jagtar pembeni. "Bro, nywele huota tena. Mimi ni Msabato na Jumamosi nafanya kazi. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," Jagtar alikubali. "Mudiri je? Kesho akitaka kingine, ataelewa?"

Akaenda akalichukua koleo.

Dilbagh alikwenda kwa kinyozi wa mtaa wa Manfuha. Aliporudi, shingo yake ilionekana nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alijaribu kucheka. "Ni nywele tu, kaka. Mkataba ukiisha nitazifuga upya." Jagtar hakumgombeza. Alimshika bega, kisha akaendelea kuzoa mavi, moyo ukimchoma kama kaa la moto.

Kila alfajiri kabla ya kazi, Jagtar alifanya mazoezi ya fimbo nyuma ya mabanda, kilemba chake cha buluu kikiwa kimefungwa barabara. Mudiri alipomfuma aliivunja fimbo ile gotini. Kesho yake alimkuta na mpini wa fagio. Akauvunja pia. Kesho kutwa Jagtar alikuwa pale pale, mikono mitupu, akizipiga hatua zile zile kana kwamba silaha ingali mkononi. Mudiri alitema mate, akaenda zake.

Dilbagh naye alizidi kupukutika. Kwanza aliambiwa avue bangili ya chuma ya dini yao, akaivua. Kisha akaambiwa asizungumze na kaka yake mbele ya wageni, akanyamaza. Hakuna lililomtosha mudiri, kwa maana Dilbagh hakuonyesha mahali pa kukomea.

Siku ya maonyesho ilifika. Lori liliwafikisha Jeddah, kwenye uwanja uliojengwa kando ya bahari, ambako watu walikuwa wamejaa pomoni. Jagtar alikuja kama saisi tu, wa kumshikia hatamu Shahba, farasi jike wa kijivu aliyemlisha na kumsugua tangu siku ya kwanza. Mudiri akamrushia Dilbagh furushi. Ndani mlikuwa na suruali ya marinda, kilemba bandia cha karatasi na ndevu za pamba.

"Wewe ni jambazi wa Kihindi," mudiri alisema. "Unaingia, unaanguka, mpanda farasi wetu anakuchapa, watoto wanacheka. Yalla!"

Dilbagh alirudi hatua moja nyuma. "Mudiri, kilemba ndicho alichovaa babu yangu vitani."

"Chenyewe ulikivua bila kulia. Sasa unalilia karatasi?"

Maneno hayo yalimkata Dilbagh maini. Hata hivyo mkono wake ulinyooka ukaichukua ile karatasi. Hapo ndipo Jagtar alipoona amefika mwisho wa subira. Aliunyakua mkuki wa maonyesho uliokuwa umeegemezwa kwenye lori, akamrukia Shahba mgongoni, akaingia uwanjani.

"Mshikeni!" mudiri alifoka. Hezron alikuwa karibu kabisa na hatamu. Hakuinua hata kidole.

Shahba alitifua mchanga. Jagtar aliinama hadi ndevu zake zikagusana na manyoya ya shingo ya farasi, mkuki ukateremka, na kigingi kilichosimikwa kwa ajili ya maonyesho kikang'oka ardhini kikipaa na ncha. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Hakupunga mkono wala hakuinamisha kichwa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kiti cha Baba, aliyekuja kutazama maonyesho, akasimama.

"Nani amekuruhusu?" Baba aliuliza.

"Hakuna," Jagtar alijibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Farasi ni wako, Baba, na mkuki ni wako. Mikono yangu uliiajiri. Kichwa sikukuuzia."

Baba akasema, "Anayempanda farasi wangu bila idhini hali mkate wangu. Halas, imekwisha." Kisha akamgeukia mudiri. "Mpe pasipoti na tiketi yake. Huyu haondoki kwa mlango wa wezi."

Jagtar alimsihi Dilbagh waondoke pamoja. Dilbagh alitikisa kichwa. Aliona haya kurudi kwa mama yake akiwa hivyo.

Huko Kibos, Jagtar alipata farasi wawili wazee waliochoka mashindano, akaanza kuwafundisha vijana wa ukoo wake mkuki na fimbo. Majirani walimcheka kama walivyomcheka baba yake, naye hakujali.

Jioni moja simu ililia. Alikuwa Dilbagh.

"Kaka, nimepewa jina jipya. Wananiita Toni."

"Nawe ukafanyaje?"

"Waliponiita, niliitika."

Hakuna aliyemfunga Dilbagh mnyororo wala aliyemchapa mjeledi. Lakini kweli, mwacha mila ni mtumwa.