Kalunde na Udongo Ulionyimwa Majani

Nani amefagia huku chini ya miti? Wewe? Haya, weka ufagio chini, keti. Na wenzako waje.

Zamani hizo udongo wa nchi yetu ya misitu ya miombo ulikuwa mweusi kila mahali, wala hakuna aliyejisumbua kuutazama. Alikuwapo mjane aitwaye Kalunde, mpenda usafi kupita kiasi. Akimaliza kufagia uani aliendelea hadi msituni nyuma ya nyumba, majani yote akayachoma. Ng'ambo ya kijito aliishi Holo, ambaye kwake majani yalifika magotini. Kalunde hakuchoka kumsema: "Yule si mtu, ni nguruwe pori."

Miaka ikapita. Udongo wa Kalunde ukafifia, ukawa wa kijivu; mvua ikinyesha, maji yanakimbia tu juu yake. Ulezi ukagoma kuota. Mwaka wa tatu wa njaa alibaki na kibuyu kimoja cha mbegu na mjukuu mmoja, Nyamizi, mbavu nje. Mbegu ile ikiharibika, mtoto naye basi.

Alizunguka kutwa nzima akiogopa kuimwaga shambani. Mwisho, jamani, akameza aibu akavuka kijito.

Holo hakumcheka. Alichota udongo chini ya majani yake, akamsugulia kiganjani. Kiganja kikawa cheusi kama masizi. Wakaenda kwa Kalunde, wakasugua tena. Kikabaki safi.

"Mwenzangu, udongo nao unakula," Holo akasema. "Miti inaulisha, wewe unaupokonya mdomoni."

Kalunde akalia bila kujificha. Holo akamkatia kipande ukingoni mwa msitu wake, wakapanda pamoja, na Nyamizi akala ulezi ule akapona. Kwake, Kalunde aliyaacha majani yaanguke. Kila asubuhi alisugua udongo kiganjani, akatazama, akakikuta safi. Mnadhani udongo unasamehe upesi? Alikufa bado anangoja. Nyamizi alikuwa ameshapata wajukuu ndipo mkono wake ulipochafuka kidogo pale.

Na tangu enzi hizo udongo wetu una rangi mbili, mweusi penye majani na kijivu palipofagiwa, na anayetafuta pa kuhamia husugua kwanza kiganja. Kikichafuka, anatua mzigo na kujenga. Kikibaki safi, anambeba mwanawe mgongoni na kuendelea na safari, hata kama jua linazama.