Jeki Ndogo Iliyofikisha Boti Lundombe

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya fisi kusema na sungura kuposa; ni zamani ya juzi, watu wakiwa tayari na simu, tai shingoni na kamati. Kando ya Ziwa Nyasa palikuwa na kijiji kiitwacho Lundombe. Kila masika mto uliikata barabara yao, na mgonjwa akizidiwa alibebwa kwa machela mpaka wabebaji nao wahitaji machela. Wanakijiji wakachangishana, wakanunua boti ya kubebea wagonjwa. Boti iko Songea, ziwa liko huku. Basi ikaundwa kamati ya kuifuata, maana Lundombe hata chungu kikiungua huundiwa kamati.

Wakaenda watatu. Mzee Blasius Ndunguru, mwenyekiti, ambaye tangu azaliwe hajapata kukosea, muulizeni mwenyewe. Otmar Komba, dereva wa pikapu, aliyeamini kwamba breki waliwekewa waoga. Na Bi Gaudensia Kapinga, katibu, mjane mwenye mgongo mbovu na ulimi mzima.

Boti ilipokwisha kufungwa juu ya tela, Otmar akasema, "Tela hili halina jeki. Tukipata pancha tutaliinua kwa rozari?"

Wakaingia dukani. Muuza duka akawawekea jeki mbili mezani. Moja kubwa, nyekundu, yenye magurudumu yake na mpini mrefu. Nyingine ndogo ya kukunjika. Ukiizungusha inapanda kama mkasi unaofumbuka, ukiilaza unene wake ni wa tofali tu.

"Kubwa," akasema Mwenyekiti bila hata kuigusa.

"Mwenyekiti, si tungepima kwanza ekseli ya magurudumu iko juu kiasi gani?" akauliza Otmar.

"Kupima nini? Boti kubwa, jeki kubwa."

Otmar aliona kwamba kuuliza kunamtosha, kubisha ni kazi ya wengine. Wanaume wakatoka nje kuyapiga matairi mateke, kama wanaume wapimavyo matairi, wakamwacha Gaudensia achukue jeki.

Sasa, Gaudensia alikuwa amejinunulia godoro. Nyuma ya pikapu kulishajaa: injini ya boti, maboya, na jembe jipya la Mwenyekiti lililofungwa utepe wa bluu. Mwenyekiti alikusudia kupanda mti wa kumbukumbu siku ya uzinduzi, na jembe hilo lilikatazwa kugusa udongo mpaka siku hiyo tukufu. Nafasi iliyobaki ilitosha jeki kubwa, au godoro. Gaudensia akaitazama jeki. Akaufikiria mgongo wake. Kisha akamnong'oneza muuza duka, kama mtu aliye kwenye maungamo, "Nipe hiyo ndogo." Akaifunga kwenye kitenge, akaisukuma chini ya kiti. Hiyo ndiyo busara iliyoichagua jeki ya Lundombe.

Walipopita Mbinga, simu ya Mwenyekiti ikalia. Alikuwa Bi Imakulata wa Lundombe, naye alipiga kelele hata waliokuwa kando wakasikia. "Mkwe wangu Fausta ameshikwa na uchungu tangu jana! Mtoto amekaa vibaya, mkunga anasema hospitali tu, na mto umefurika. Mko wapi na hiyo boti?"

"Tumefika," akajibu Mwenyekiti, huku milima yote ikiwa bado mbele yao.

Ili kuufanya uongo wa Mwenyekiti uwe kweli, Otmar akakanyaga mafuta. Kona ya kwanza wakaipita. Ya pili wakaipita, boti ikilia nyuma yao. Ya tatu tela likagonga jiwe, pwaa! Tairi likapasuka, na tela likalala ubavu kuelekea korongoni.

"Lete jeki!" akaamuru Mwenyekiti.

Gaudensia akainama. Akavuta kitenge kutoka chini ya kiti, akakifungua polepole, kana kwamba jeki ingekua akichelewa.

"Hii nini?" akauliza Mwenyekiti. "Dada Gaudensia, nilisema jeki. Wewe umeleta kipini cha pua!" Kisha macho yake yakaliona godoro. "Ahaa! Kumbe sisi tutakufa hapa ili wewe ulale laini!"

Gaudensia akakikunja kitenge. Alimfikiria Fausta, akaomba ardhi impasukie.

Lori la kahawa likapanda mlima, likasimama. Dereva wake alikuwa na jeki kubwa, ndugu wa ile nyekundu ya dukani. Mwenyekiti akatabasamu kama aliyeitengeneza yeye. Wakaisukuma chini ya tela. Kichwa chake kikagota kwenye ekseli. Tela lilikuwa limelala mno. Wakaizungusha huku, wakaizungusha kule. "Sukumeni!" Mwenyekiti akafoka, kana kwamba ekseli nayo ni mjumbe atakayeogopa. Haikuingia. Mwenye lori akachukua jeki yake, akawaombea heri, akaenda zake.

Gaudensia akapiga magoti, mgongo ukimlia, akaitelezesha ile ndogo. Ikaingia kama panya ghalani. Akazungusha, tela likapanda, Otmar akalitoa tairi bovu. Gaudensia alitaka kucheka, lakini akajizuia. Na alifanya vyema kujizuia, maana walipoleta tairi la akiba, lililojaa upepo, likagoma kuingia. Jeki ilikuwa imefika mwisho wa fahari yake, na bado pengo halikutosha.

"Si nilisema kubwa?" akasema Mwenyekiti.

"Kubwa haikuingia, Mzee," akasema Otmar.

"Ingeingia kama mngeiheshimu."

Simu ikalia tena. Hakuna aliyeipokea. Mwenyekiti akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akalitazama jembe lake. Akavua koti. Akaufungua utepe wa bluu, akautia mfukoni.

"Kama tela haliwezi kupanda," akasema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kwamba anayo, "basi ardhi ishuke."

Akaanza kuchimba pale gurudumu lilipotakiwa kukaa. Ardhi ilikuwa changarawe na mawe. Otmar alitaka kumpokea, akakataa. Jembe likapinda ncha, viganja vikachubuka hadi kutoka damu, shati likamganda mgongoni. Gaudensia akamtazama, akagundua kwamba kwa muda wote ule Mwenyekiti hakuwa ametoa amri hata moja.

Lakini shimo lilipotosha, udongo wa kando ukaanza kumeguka, na jeki ikaanza kuinama. Boti ikatoa mlio. Otmar hakungoja kuambiwa. Akajipenyeza upande wa korongo, mahali ambapo tela likianguka halimwachi mtu, akapachika gurudumu, akaanza kukaza nati.

"Toka, Otmar!" Gaudensia akapiga kelele.

"Bado moja, dada!"

Akaikaza. Jeki ikachomoka, ikamponda vidole viwili. Tela likashuka kwa kishindo na kusimama juu ya gurudumu lake. Otmar akafungwa kitenge mkononi, akaendesha kwa mkono uliobaki, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, alikata kona taratibu.

Wakafika ufukweni mwa ziwa, upande huu wa mto uliofurika. Boti ikaingia majini, ikamfuata Fausta Lundombe, akalazwa juu ya godoro la Gaudensia, akavushwa hadi hospitali, akapasuliwa, akapata mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Godoro halikufaa tena.

Baraza lilipokaa, Bi Imakulata akasema, "Boti haina jina. Iitwe jina la aliyeifikisha. Na liwe moja. Ubavu wa boti si orodha ya mahudhurio."

Gaudensia akasimama. "Jeki niliyoichagua mimi ndiyo iliyoingia. Ingekuwa ile ya Mwenyekiti, boti ingekuwa bado inachungulia korongo, na Fausta tungekuwa tumemzika."

"Uliuchagulia mgongo wako," akasema Mwenyekiti. "Hukulijua tela wala ekseli. Na jeki yako ingetuacha nusu njia bila shimo langu. Mimi niliitoa heshima yangu mbele ya watu, nikachimba kwa mikono hii."

"Ulichimba kufukia amri yako mwenyewe," akasema Otmar. "Jeki yake na shimo lako vilikuwa vinaanguka. Mimi nililala pale ambapo ninyi mlisimama mkitazama." Akainua mkono wenye vidole viwili visivyokunjika.

"Na nani alilipasua tairi?" akauliza Gaudensia.

Otmar akaushusha mkono. Mwenyekiti akatazama viganja vyake. Gaudensia akakaa, maana alijua kwamba waliyosema juu yake ni kweli, na aliyosema juu yao ni kweli vilevile. Mchora maandishi aliyeitwa kuliandika jina akachovya brashi, akangoja. Bi Imakulata, mtoto mapajani, akawatazama mmoja mmoja.

Basi ninyi mnaojua kuhukumu mkiwa mmekaa: aliyechagua sawasawa kwa choyo chake, aliyeamuru vibaya akachimba vyema, au aliyehatarisha roho yake kuokoa alichokiharibu mwenyewe? Brashi inakauka. Je, nani alistahili?