Msichana Asiyetoa Mgongo

Mtu wa mashineni husikia kwa macho. Ndivyo alivyosema yule mama sokoni asubuhi, nanyi mkaangua kicheko mkidhani amechanganyikiwa. Haya, kaeni niwaeleze. Msemo huu hatukuachiwa na wahenga wenye mvi. Tuliachiwa na msichana mwenye nyusi nyeupe kwa unga, na ulianza hivi.

Msichana huyo aliitwa Kabula. Aliendesha mashine ya kusaga nafaka karibu na stendi ya zamani, lakini roho yake ilikuwa kwenye kuchana mistari. Hakuwa na wimbo redioni wala picha yake kwenye bango. Alikuwa andagraundi, kama walivyojiita wenyewe, na uwanja wao ulikuwa ghala la pamba lililoachwa miaka mingi. Jumapili alasiri vijana walijazana humo, wawili wakapanda jukwaani katikati, mmoja akamchana mwenzake kwa vina na mwenzake akamjibu. Hapakuwa na spika wala muziki, ni koo la mtu tu. Sharti lilikuwa ujibu ulichoambiwa, si ulichojiandalia nyumbani. Na aliyeshindwa mara tatu, jina lake lilifutwa kwenye orodha ya ukutani na hakuruhusiwa kupanda tena maishani.

Kabula alikuwa ameshindwa mara mbili.

Aliyemshinda mara zote ni kijana mmoja aliyejiita Nyundo. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Ila nyuma yake alisimamisha genge lenye vipande vya mabati. Kila alipofika kwenye mstari mzito, wenzake waliyagonga mabati na kupiga mayowe. Ungedhani wanamshangilia, kumbe wanayafunika maneno ili mpinzani akose cha kujibu. Kabula alijibu kwa kubahatisha, akayajibu yasiyosemwa, watu wakamzomea.

Tena kulikuwa na desturi humo ghalani. Ukiwa unachanwa, ulimpa mpinzani mgongo, kuonyesha kwamba maneno yake hayakugusi. Aliyemtazama mwenzake usoni alihesabiwa mwoga. Na kwa kutoa mgongo, Kabula hakuwa na mfano. Alikunja mikono, akatazama ukuta, akajiona malkia.

Baada ya kushindwa mara ya pili, rafiki zake walimsihi aache kabla jina halijafutwa, akalinde heshima yake. Aliwajibu kwamba heshima ya kukimbia haitaki. Usiku alilia, hilo nalo tuliseme, na asubuhi akawasha mashine kama kawaida, mdomo wake ukiendelea kutunga.

Siku moja akaja Mama Minza na debe la mahindi. Mashine ilikuwa inanguruma, na Kabula, mawazo yakiwa ghalani, alilipokea debe huku amegeuka. Akalikoboa, akalisaga, akatoa sembe nyeupe. Mama Minza akafura. Alitaka dona, unga usiokobolewa, na alisema dona. Kabula akazima mashine.

"Samahani, mama. Sikukusikia, kelele zilizidi."

"Kelele zimeanza leo?" akauliza Mama Minza. "Mwaka mzima mashine inanguruma hivihivi na hujawahi kukosea unga wangu. Leo umenipa mgongo. Ungenitazama, ungenisikia."

Mama wa watu alikuwa anagombea unga wake tu, hakuwa na habari za ghala. Lakini Kabula alibaki ameduwaa. Ni kweli, pale mashineni hakuna aliyewahi kumsikia mteja kwa masikio. Wasagaji waliwatazama wateja midomo, wakajua nani anataka dona na nani sembe. Kipaji alikuwa nacho siku zote, na kila Jumapili alikigeuzia mgongo. Akamfidia Mama Minza unga wake, na jioni ileile akapeleka ujumbe: anamtaka Nyundo kwa mara ya tatu.

Jumapili ghala lilifurika. Sengo, mwamuzi, alisimama karibu na Nyundo ili asipotewe na neno. Nyundo akaanza, na Kabula hakugeuka. Alisimama kumkabili, macho kwenye midomo yake. Watu wakacheka, wakasema leo binti ameogopa. Maneno yale yalimchoma, nasi tuliomjua tuliona shingo yake ikikakamaa, lakini hakuyaondoa macho. Mabati yakalia. Yalipotulia, Kabula akavuta pumzi.

"Umesema hivi," akamwambia Nyundo, akayarudia maneno yake yote:

*Nyusi zako zina unga, kijana umezeeka,*
*Wewe hujui kutunga, shuka, watu wanacheka.*

Sengo akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyosemwa. Kabula akajibu:

*Unga ulio nyusini ndio ugali wa kwenu,*
*Ukinicheka usoni, umecheka chungu chenu.*

Mayowe yaliyofuata hayakuhitaji bati. Zamu ikarudi kwa Nyundo. Akaanza vizuri, kisha akakutana na yale macho mawili yaliyotulia mdomoni pake kama ya mtu anayesubiri oda. Akatambua kwamba hana pa kujificha. Ulimi ukawa mzito, mstari ukamponyoka, akabaki mdomo wazi. Wenzake, waliokuwa nyuma yake na wasiomwona uso, wakadhani amefika pazito. Wakayagonga mabati kwa nguvu zao zote.

Kabula akainua mkono mpaka wakaacha.

"Pumzikeni, ndugu zangu," akasema taratibu. "Mwenzenu hajasema kitu."

Kicheko kilichotoka humo kilisikika mpaka stendi. Nyundo mwenyewe hakungoja hukumu. Alimpa Kabula mkono, akawaambia wenzake wayatupe yale mabati. Jina la Kabula lilibaki ukutani, na tangu siku hiyo hakuna aliyetoa mgongo ghalani.

Sengo ndiye aliyemuuliza aliwezaje kusikia katika kelele ile, maana hata yeye aliyesimama kando ya Nyundo aliyasikia maneno kwa shida. Kabula akajipangusa nyusi, ingawa siku hiyo hazikuwa na unga, akamjibu, na jibu lake ndilo mlilolisikia sokoni.

Kwa hiyo linalokutisha, wanangu, ligeukie. Nawe unayechezea simu tangu nilipoanza, inua uso unitazame, maana mtu wa mashineni husikia kwa macho.