Mgeni kwa Mama Yake

Ndugu zangu, kabla sijaendelea na neno la leo nataka niwape mfano. Najua wapo kati yenu walioingia hapa kijijini jana, na magari yao yako nje chini ya mikaratusi, yamegeuzwa yanatazama barabarani. Nimeyaona wakati naingia. Basi aliyekaa karibu na mlango avumilie kidogo, asinitoroke kabla sijamaliza.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyezaliwa kwenye vilima kama hivi vyetu, akaenda mjini kutafuta maisha, na maisha akayapata. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua ninyi, mfano ukianza tu mnamtafuta mwovu ni nani, mkishamwona mnapumua, mnasema si mimi. Huyu alikuwa mtoto ambaye mama yeyote hapa angemshukuru Mungu kwa ajili yake. Hakuwa mlevi wala mchoyo, na hakuisahau njia ya kwao. Kila kazi ilipomwachia nafasi mwisho wa juma, alipakia kwenye gari mchele, sukari, mafuta ya kupikia na mikate laini ya mjini, akaja kuwaona ndugu na marafiki. Jumamosi anafika, Jumapili anaondoka.

Mama yake alikuwa mjane, akiishi na binti yake, yaani mdogo wake yule mtu. Nyumba ilikuwa ya zamani, na kijana alipopata kazi aliona aibu mama yake kukaa pale. Akabomoa upande wa mbele, akajenga sebule yenye madirisha ya vioo, akaleta makochi kutoka mjini. Mama akayafumia vitambaa kwa mkono wake mwenyewe, vyeupe, vyenye maua pembeni. Vitambaa vile vilikaa kabatini. Mwana akija vinatandikwa, akiondoka vinafuliwa na kurudi kabatini. Mnacheka. Nani hapa kwao si hivyo?

Jiko lilibaki nyuma kama lilivyokuwa, kibanda cha matofali mabichi chenye mafiga matatu. Kijana alikulia humo. Humo ndimo alimootea moto asubuhi za baridi, akachomewa mahindi, akachapwa, akabembelezwa. Lakini tangu sebule ilipojengwa hakukanyaga tena kule nyuma. Si kwamba aliringa. Kila alipotaka kuzunguka, mama alimwambia akae kwenye kochi apumzike, mtu ametoka safari. Naye alikaa.

Na ninyi mnajua desturi yetu. Mgeni anawekewa meza mbele, anakula na wanaume wa ukoo na marafiki waliokuja kumsalimu. Aliyepika anakula mwisho, jikoni, na binti zake. Hakuna anayemuuliza kama amekula. Na hata akiulizwa atasema ameshaonja wakati wa kupika, ameshiba. Tumeishi hivyo miaka yote na hatujaona ubaya wake.

Sasa, Jumamosi moja wakati wa palizi, yule mtu akaja. Jogoo akachinjwa. Marafiki zake aliosoma nao wakajaa sebuleni, wakakumbushana mwalimu aliyekuwa akisinzia darasani na siku waliyoiba miwa ya mzee wa kanisa, wakacheka mpaka machozi. Mama aliingia na sahani, akatoka, akaingia na mchuzi, akatoka. Katika kuingia na kutoka huko mwanawe akamwona. Lile gauni lililomkaa vizuri wakati wa Krismasi lilikuwa linaning'inia mabegani.

“Mama, mbona umepungua hivi?”

“Ni palizi, baba. Ya mwaka huu imetukamata vibaya. Kula, chakula kinapoa.”

Akampa pole. Akaahidi safari ijayo atamletea dawa za vitamini. Kisha rafiki mmoja akaanza kisa kingine na vicheko vikaendelea. Ndugu zangu, aliuliza. Hilo tumpe, maana wengi wetu hata kuuliza hatuulizi. Lakini aliuliza mdomo ukiwa umejaa nyama, na jibu alilopewa lilikuwa jibu la mtu aliyekaa mezani.

Jioni ile dada yake alileta maji ya kunawa, akasimama na beseni lake hata baada ya watu wote kunawa. Alikuwa na neno. Kaka alimtazama akimsubiri aseme, na sauti ya mama ikamwita binti kutoka nyuma. Akaenda. Kaka alifikiri labda mdogo wake anataka kitenge, akaona haya kuomba mbele ya watu.

Jumapili wakaenda kanisani. Yalipofika matangazo, mzee wa kanisa akasema wageni wasimame. Yule mtu akasimama, katika kanisa alimobatizwa, akapigiwa makofi matatu ya upendo. Na sisi asubuhi hii tumefanya nini? Si tumefanya vivyo hivyo? Tumewasimamisha watoto wetu wa kuwazaa wenyewe tukawaambia karibuni, jisikieni mko nyumbani.

Baada ya chakula cha mchana akaaga. Mama akamfungia maharage, akamtafutia tetea na kumfunga miguu, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akapunga mkono. Mwana akaondoka na moyo mweupe. Alijisikia vizuri, na kwa nini asijisikie? Amewaona ndugu, amewaona marafiki, mama yupo.

Hakufika mbali. Kwenye mteremko, lori la mbao lilikuwa limeteleza kwenye tope na kulala katikati ya barabara. Wakamwambia hapiti mtu mpaka kesho, trekta likija. Akaliacha gari hukohuko chini, akapanda kilima kwa miguu kurudi kwao, akicheka peke yake jinsi mama atakavyoshangaa.

Akafika. Hakuna aliyesikia gari, maana hakuja na gari. Sebule ilikuwa imeshafungwa. Akachungulia dirishani, makochi yalikuwa matupu, vitambaa vimeshaondolewa. Basi akazunguka nyuma, na alipokaribia jikoni akasikia sauti ya dada yake.

“Mama, kwa nini hukumwambia? Alikuwa hapa siku mbili.”

“Mwache asafiri salama. Atakuja tena.”

Akasimama mlangoni. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, na binti yake amemshikilia mgongo kwa nyuma. Mkononi alikuwa na kikombe cha uji, na si uji, ni maji ya uji yaliyochujwa kwa kitambaa. Akanywa kidogo, akanyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji, akafumba macho, akangoja. Ule uji haukushuka. Ulirudi. Akautema kwenye majivu, akachukua kijiti, akaufukia, taratibu, kama mtu aliyezoea. Sahani ya kuku ilikuwa pembeni, haijaguswa. Paja zima.

Ndipo mama akainua macho akamwona. Ndugu zangu, mnadhani alifanya nini? Alificha kikombe ndani ya kanga. Akajifuta mdomo, akatabasamu, akajikongoja kusimama.

“Karibu, baba. Pita sebuleni, huku pachafu.”

Hapo ndipo yule mtu alipokaa chini kwenye majivu na suruali yake ya mjini, akalia mbele ya dada yake bila kujali.

Dada akamweleza yote. Ilianza wakati wa mavuno ya mwaka uliopita. Ugali ndio uliokuwa wa kwanza kukwama kooni. Mama akahamia kwenye wali, wali nao ukakwama. Ile mikate laini aliyokuwa akiletewa aliimeza kwa maji muda kidogo, baadaye ikawa inagawiwa kwa majirani. Sasa uji nao unagoma. Na tangu mavuno mpaka palizi kaka alikuwa amekuja mara ngapi? Alikuja Krismasi. Alikuja harusi ya binamu. Alikuja bila sababu, kwa hamu tu ya kwao. Kila mara alikula akashiba, hatua chache kutoka kwa mtu anayekufa njaa chakula kikiwa mkononi.

Jumatatu barabara ilipofunguliwa akamchukua mama mpaka hospitali. Wakampima, wakampima tena. Daktari akamwita pembeni, akamwambia njia ya chakula imeziba karibu yote, na ugonjwa umeshapita kooni umefika kwenye ini. Ungeonekana mapema wangekuwa na la kujaribu. Sasa watampunguzia maumivu. Kisha daktari, bila ubaya wowote, akamuuliza ni nani anayekula naye nyumbani, maana mtu asiyemeza huonekana mezani.

Alitaka kusema anaishi mbali. Lakini juzi tu alikuwa kwao. Alikuwa amekula paja lile lingine.

Akarudi wodini, akakaa kitandani kwa mama, akamshika mkono uliobaki mifupa. Kulikuwa na hasira ndani yake, hasira ya mtu aliyeibiwa, na alitaka kumpata wa kumlaumu. Akauliza lile tunalouliza sote tukishachelewa.

“Mama, kwa nini hukuniambia?”

Mama hakumkasirikia. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la wazi.

“Ningekuambia lini, baba? Ulikuwa mgeni.”

Alikufa kabla mahindi hayajachanua. Siku ya mazishi makochi yalitolewa nje na jeneza likawekwa sebuleni, na watu wengi waliokuja kuaga walisema hawajawahi kumwona yule mama amekaa ndani ya chumba kile.

Ndugu zangu, wengine mmeinamisha vichwa. Wengine mna methali tayari mdomoni, mnataka kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Msinipe methali hiyo leo. Yule mama hakuficha kwa aibu, alificha kwa adabu. Tumemfundisha sisi wenyewe, tangu akiwa binti, kwamba mgeni hapewi habari mbaya, mgeni haoneshwi jiko, mgeni ale, alale, aende salama. Akaitii adabu yetu mpaka kaburini. Na yule mwana naye alikuwa na adabu, aliambiwa akae kwenye kochi akakaa. Kila mtu katika nyumba ile alifanya vizuri, na mtu akafa.

Kama ni methali, chukueni ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaisema kwa kumtania mgeni aliyeng'ang'ania. Lakini mtu akishapewa jembe anakuwa wa nyumba ile. Anaamshwa alfajiri pamoja na wengine, anajua chumvi imeisha, anajua nani alikohoa usiku. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo nyumba inasema. Sasa sisi tumejitengenezea safari ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mwaka hadi mwaka, na kwa mama zetu wenyewe hatujawahi kuifikia ya tatu. Jumatatu ya kwao hatuijui.

Na tusidhani tunamfanyia hivyo mama peke yake. Mungu naye tunampokea sebuleni. Tunamtandikia vitambaa Jumapili, tunamwambia hatujambo, tunamwimbia, tunamsindikiza mpaka mlangoni, kisha tunarudi nyuma kutema kwenye majivu peke yetu. Tunaogopa nini? Atachafuka? Tangu lini tumemfanya naye kuwa mgeni?

Ninyi wazazi mliokaa upande huu, nina neno kwenu na nitalisema kwa ukali kwa sababu nawapenda. Mwanao akikuuliza mbona umepungua, usimwambie ni palizi. Mwambie unaumwa wapi. Chakula kikipoa kipoe. Ulimzaa kwa uchungu ambao watu wote walisikia, unamfichia nini sasa?

Nanyi mliokuja na magari. Kwa kawaida mwishoni mwa ibada huwa nawaita hapa mbele niwaombee safari njema. Leo sitawaita. Rudini nyumbani kwanza. Chakula cha mchana msile mbele, kaleni jikoni na mama zenu, kwenye sahani moja nao, na msiinuke mpaka muwe mmewaona wakimeza. Ukishaona, na bado ukawa na haraka ya kuondoka, njoo nyumbani kwangu jioni. Nitakuombea hapo hapo mlangoni.