Mjomba Aliyefuata Upepo

"Upepo wa mbugani, mjini ni mgeni." Mmeusikia msemo huu leo, mkaniuliza umetoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Ndahani, mfugaji wa Ugogo, alikuja Chang'ombe, mjini Dodoma, kwenye harusi ya Nyemo, mtoto wa dada yake. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani mpaka mjomba amshike mkono. Asubuhi akasema, "Ngoja nikalione jiji kwa miguu." Wakataka kumpa mwenyeji, akakataa. Mfugaji gani huongozwa? Kwao mbugani upepo hutoka mashariki tu. Ukienda ukupige kisogoni, ukirudi ukupige usoni, umefika zizini.

Akaenda. Akaiona reli, akayaona majumba ya vioo. Ndani ya kioo akamwona mzee mwenye fimbo, akamwamkia, kumbe ni yeye mwenyewe.

Adhuhuri akageuka arudi, upepo usoni. Jua lilikuwa utosini, halionyeshi upande. Akampita muuza kahawa, na kwenye kona ya ghorofa upepo ukamhamia ubavuni, naye akageuka aupate usoni. Kona ya pili ukamjia kisogoni, akageuka tena. Vumbi likamjaa machoni, shuka likamfunika kichwa. Alipolifunua, mbele yake alikuwa muuza kahawa yuleyule.

"We Mgogo, ghorofa hili unalizunguka hivyo, unalinunua?"

"Nyamaza, Mnyamwezi! Babu zako walipotelea kwetu na mizigo vichwani."

Wakacheka, maana Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Ndahani akashika njia. Upepo ukamzungusha, ukamrudisha palepale. Safari hii hakucheka.

"Mtani, Nyemo ananingoja Chang'ombe. Sielewi. Upepo umenipoteza."

"Upepo huu si umetoka kwenu? Hapa hata wenyewe unatafuta pa kupita. Mimi nipo hapa na birika langu, hukuniuliza!"

Akabeba birika, akatangulia.

Walipofika, upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama, wamekasirika, wanataka kuondoka. Nyemo ameketi mlangoni, hatikisiki.

"Mjomba, ulikuwa na nani muda wote huu?"

"Na mgeni mwenzangu."

"Mgeni gani?"

Upepo ukavuma, ukairusha shela yake. Ndahani akaidaka.

"Huyu."

Kisha akamshika mkono, wakatoka.

Nanyi mkifika kusiko kwenu, msione haya kuuliza, hata kama kwenu mlikuwa hamwulizi mtu. Upepo wa mbugani, mjini ni mgeni.