Gololi Zilizongoja Kuoshwa

Mtu mmoja, fundi baiskeli, alikuwa na kiwanja pembeni mwa mji wa reli, na chini ya kiwanja hicho palikuwa na jaa la zamani asilolijua. Jina lake Mihayo. Aliishi hapo na mkewe, Nyamizi. Binti yao wa pekee, Shija, alikuwa ameolewa mbali.

Mwaka mmoja Mihayo alichimba shimo la choo. Alipofika kina cha kiuno, sepetu iligonga vigae vya chupa, na katikati ya vigae akaona kitu cha mviringo. Alikiosha kwa maji ya ndoo. Ilikuwa gololi ya kioo, ya kijani, yenye kiputo kidogo cha hewa ndani yake. Wazee wa mtaa walimweleza kwamba kabla ya uhuru palikuwa na kiwanda cha soda upande ule, na soda zilitiwa katika chupa zenye gololi shingoni. Gesi iliisukuma gololi juu ikaziba mdomo. Mnywaji aliibonyeza kwa kidole ndipo anywe. Chupa zilizovunjika zilitupwa pale, jaa likafukiwa, watu wakasahau.

Jioni ile Nyamizi aliishika gololi, akaielekeza kwenye jua linalozama, akafumba jicho moja.

"Baba Shija," alisema, "nyumba yetu yote imo humu, na paa liko chini."

Mihayo naye akachungulia. Wakacheka wote wawili. Nawaambieni, ndugu zangu, jioni ile hapakuwa na kosa lolote.

Akapata ya pili, kisha ya tatu, ya kahawia kama asali ya msituni. Akapita mtu mmoja anayekusanya vitu vya kale, akazitazama, akasema za kijani ni nyingi duniani, lakini za buluu ni adimu, na penye kijani nyingi namna hii buluu haikosekani. Basi Mihayo akaitafuta ya buluu. Mwanzoni alichimba asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Baadaye alichimba mchana kutwa, kibanda kikiwa kimefungwa, na watu wenye pancha wakazoea kwenda kwa fundi mwingine. Vigae vilimkata vidole, mgongo ukakataa kunyooka. Kuosha gololi kulimpotezea muda, akaacha kuziosha. Alizitia katika makopo pamoja na udongo wake, akayapanga makopo ukutani.

"Siku nikimaliza nitaziosha zote," alimwambia mkewe. "Nitakupangia dirishani uzione kwa pamoja. Subiri kidogo."

Nyamizi akasubiri. Alikuwa mwanamke wa kusubiri. Aliteka maji, akapalilia mihogo upande ule ambao shimo lilikuwa halijafika, na kila jioni alimsugua mumewe mgongo kwa mafuta. Mwaka wa tatu alianza kugonga bega kwenye mwimo wa mlango. Akasema, "Naona kama ninachungulia ndani ya mwanzi. Pembeni kote giza."

Mihayo alimjibu kuwa ni uchovu. Hakusema uongo. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kiasi kwamba kila ugonjwa aliuona ni uchovu.

Kiangazi kile madaktari wa macho walipiga kambi uwanjani kwa siku tano, wakatibu watu bila malipo. Mihayo aliahidi kumpeleka mkewe Jumatatu. Jumatatu asubuhi aliingia shimoni kwa kitambo tu, na sepetu ikatoa gololi ya buluu. Akasema, kesho. Jumanne ikatoka nyingine. Akasema, kesho. Ijumaa alasiri Nyamizi alikwenda peke yake, akifuata ua wa minyaa kwa mkono. Alipofika, walikuwa wakikunja turubai. Muuguzi mmoja alimhurumia, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Barua ikawekwa juu ya kabati. Mihayo aliiona. Akasema mvua zikipita watakwenda. Ilibaki kona moja tu ya kuchimba.

Mvua zikapita, na kona ikaisha. Mihayo hakushangilia. Aliketi ukingoni mwa shimo kama mtu aliyetua mzigo kichwani na sasa hajui mikono yake aiweke wapi. Halafu akasimama, akateka maji, akaanza kuosha. Aliosha siku tatu. Alipigilia mbao dirishani, akazipanga gololi safu kwa safu: za kijani, za kahawia, na tisa za buluu. Jua la asubuhi lilipopita katikati yake, ukuta wa ndani ulijaa rangi. Mimi nilifika katika nyumba ile na niliona. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile.

Alimwita mkewe, akamshika mkono, akamketisha mbele ya dirisha. Alisimama nyuma yake akingoja. Uso wa Nyamizi ulijaa rangi zile. Mwishowe akanyoosha mkono, akapapasa ubao, na gololi moja ikaanguka ikabingirika sakafuni. Hakugeuza uso kuifuata.

"Baba Shija," akauliza, "umeshazipanga?"

Siku ya pili yake Mihayo alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, alisema, hula mwanga kuanzia pembeni, kidogo kidogo. Mtu akiwahi, huzuiwa isiendelee. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Akamuuliza Mihayo mama huyu alianza kulalamika lini. Mihayo alitazama mikono yake.

Nyamizi hakumlaumu, wala hakulitaja jambo lile tena, na hilo lilimwelemea Mihayo kuliko miaka yote ya kuchimba. Sasa yeye ndiye anayeteka maji, anayepika, anayemshika mkewe mkono kumpeleka uani. Wageni huja kutazama dirisha. Huwafungulia mlango, nao husifu, lakini yeye haingii nao.

Hakuwa mlevi mtu yule, wala mvivu, wala mkatili. Alichoka kwa kazi, na kila alichokitoa ardhini alisema ni kwa ajili ya mkewe. Nanyi mlioketi hapa leo, mliochoka kwa kazi mnazosema ni kwa ajili ya watu wenu: ni nani huko nyumbani mliyemwambia asubiri kidogo, na mara ya mwisho mlimtazama usoni lini?